Kweli au Chumvi? Visa vya Crossmaglen Rangers Vyapimwa

Bila shaka umevisikia. Kama una ndugu anayefanya kazi hospitalini Dublin au Belfast, keshakusimulia habari za mchezo ule wa Waayalandi: mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, goli lina umbo la herufi H, na mchezaji anaumizwa Jumapili kisha Jumatatu anaripoti kazini kama kawaida. Kama ulisomeshwa na mapadri wa Ireland, huenda ulizisikia habari hizo tangu ungali na kaptura ya shule.

Popote kandanda ya Kigaeli inapotajwa, haichukui muda kabla jina la Crossmaglen Rangers halijazuka. Ni klabu ya mji mdogo kusini mwa kaunti ya Armagh, Ireland Kaskazini, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Jamhuri ya Ireland. Klabu hii imeshinda makombe mengi, imepitia misukosuko mingi zaidi, na visa vinavyosimuliwa juu yake havina idadi. Vingine vina ushahidi. Vingine vimepikwa, vikatiwa nazi na pilipili, vikapakuliwa kwa wageni.

Hapa nimevipanga foleni kumi na viwili. Kila kimoja kinapewa hukumu kwanza, sababu zinafuata. Usikate tamaa mapema ukiona unachokipenda kimeanguka. Kipo kingine mbele ambacho ungeapa ni uongo.

1. "Mchezo huu ni wa kale. Wanaucheza vilevile kama mababu zao."

Hukumu: NUSU KWELI.

Kupiga mpira huko Ireland ni jambo la zamani kweli. Kumbukumbu ya mwaka 1308 inataja mchezo wa mpira pale Newcastle, karibu na Dublin, kwa sababu mtazamaji mmoja alimjeruhi mchezaji kwa kisu. Mwaka 1527 sheria za mji wa Galway ziliuruhusu mpira huku zikipiga marufuku michezo mingine. Wazee wanaosema mpira ni wa mababu hawajakosea.

Lakini mpira wa mababu haukuwa huu. Kandanda ya leo ina tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 1 Novemba 1884, watu wachache walikutana katika Hoteli ya Hayes mjini Thurles, kaunti ya Tipperary, wakaunda Chama cha Riadha cha Kigaeli, ambacho kila mtu hukiita GAA. Chachu ya mkutano ilikuwa mwalimu Michael Cusack. Rais wa kwanza alikuwa Maurice Davin, mwanariadha mashuhuri, na ndiye aliyeandaa kanuni za kwanza zilizotoka mwaka 1885. Hata hizo hazikukaa. Timu ilikuwa na wachezaji 21, wakapunguzwa hadi 17 mwaka 1892, kisha 15 mwaka 1913. Goli moja lilifanywa kuwa sawa na pointi tano mwaka 1892, na tatu mwaka 1896.

Crossmaglen Rangers ilianzishwa mwaka 1887, wino wa kanuni haujakauka vizuri. Hao mababu wa klabu walikuwa watu wa enzi ya magazeti na gari moshi.

2. "Ni soka na raga vilivyochanganywa."

Hukumu: SI KWELI.

Kila mgeni anasema hivi dakika ya tano ya mechi ya kwanza. Tazama tena. Katika raga mpira hurushwa nyuma na mwenye mpira hukamatwa kiunoni na kuangushwa; hapa mpira hupelekwa upande wowote, na kumwangusha mwenzako ni faulo. Katika soka ni mlinda mlango tu anayeushika. Hapa wote wanaushika, lakini hakuna anayeruhusiwa kukimbia nao atakavyo. Ukishapiga hatua nne lazima uudundishe chini, au uuangushe mguuni na kuurudisha mkononi, na huruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Kumpa mwenzako unaupiga kwa mkono au kwa mguu. Kuurusha kama mpira wa kikapu hairuhusiwi. Mpira ukipita chini ya mwamba na kuingia wavuni ni goli, yaani pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi moja. Tangu mwaka 2025 shuti linalopita juu likitoka nje ya tao la mita 40 linahesabiwa pointi mbili.

Ndugu yake wa karibu kwa sura ni kandanda ya Australia, na hapo pia kuna hadithi kwamba wahamiaji wa Ireland ndio walioipeleka huko. Tarehe zinakataa: kanuni za Melbourne ziliandikwa mwaka 1859, za Davin zikaja robo karne baadaye. Mtoto hamtangulii mzazi.

3. "Rangers hao ni tawi la Rangers wa Glasgow."

Hukumu: SI KWELI HATA KIDOGO.

Hii ukiisema Crossmaglen utachekwa, na si kicheko cha furaha. Rangers wa Glasgow ni klabu ya soka ya Scotland ambayo kwa muda mrefu imekuwa kipenzi cha Waprotestanti wanaotaka Ireland Kaskazini ibaki chini ya Uingereza. Crossmaglen ni mji wa wazalendo wa Ireland, na jezi zao ni nyeusi na rangi ya kaharabu. Jina hilo lilipendwa tu karne ya 19, na klabu nyingine kubwa za GAA zinalo: Nemo Rangers ya Cork na Laune Rangers ya Kerry. Nemo, kwa taarifa yako, ndiyo yenye makombe mengi kuliko zote katika ubingwa wa klabu wa Ireland nzima: saba. Crossmaglen wanawafuata wakiwa na sita.

4. "GAA iliwahi kumfukuza rais wa nchi kwa kosa la kutazama soka."

Hukumu: KWELI.

Hii inasikika kama utani wa baa, lakini imeandikwa kila mahali. Tarehe 13 Novemba 1938 Douglas Hyde, rais wa kwanza wa Ireland, alikwenda uwanja wa Dalymount Park jijini Dublin kuitazama Ireland ikicheza soka na Poland. Alikwenda kwa wadhifa wake, kama rais yeyote angefanya. Tatizo ni kwamba Hyde alikuwa pia mlezi wa GAA, na GAA ilikuwa na kanuni ya kupiga marufuku "michezo ya kigeni": mwanachama hakuruhusiwa kucheza wala kuhudhuria soka, raga, kriketi au magongo. Mwezi uliofuata akaondolewa ulezi. Huyo ndiye mtu aliyetumia maisha yake kuihuisha lugha ya Kigaeli.

Kanuni hiyo ilikuwa na meno. Kamati za GAA zilituma watu kwenye viwanja vya soka kuchungulia nani amejichanganya na umati, na mchezaji aliyenaswa alifungiwa. Ilidumu hadi mkutano mkuu wa Belfast wa mwaka 1971. Mwaka 2005 chama kilipiga kura kufungua uwanja wake mkuu, Croke Park, kwa soka na raga, na mwaka 2007 timu ya raga ya Uingereza ikacheza humo. Kama babu wa Crossmaglen anakwambia alikuwa akijificha akitaka kutazama soka, mwamini.

5. "Ni mchezo wa Wakatoliki, Mprotestanti hana nafasi."

Hukumu: SI KWELI.

Kwamba wengi wao ni Wakatoliki, hasa kaskazini, hakuna ubishi. Klabu hufuata mipaka ya parokia, na uwanja wa Crossmaglen umepewa jina la Mtakatifu Oliver Plunkett, askofu mkuu wa Armagh aliyenyongwa London mwaka 1681. Mgeni akiona hayo anafunga mjadala.

Aufungue. Kombe linalogombewa na kaunti za Ireland, lile ambalo kila mtoto wa Crossmaglen anaota kulinyanyua, linaitwa Kombe la Sam Maguire. Maguire alikuwa Mprotestanti wa Dunmanway, kaunti ya Cork, aliyefanya kazi posta jijini London na kuchezea timu ya Waayalandi wa huko. Kombe lenye jina lake lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1928, na Kildare wakalitwaa. Douglas Hyde, yule yule aliyefukuzwa kwa ajili ya soka, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Ireland. Jack Boothman, aliyekuwa rais wa GAA kuanzia 1994 hadi 1997, alikuwa Mprotestanti pia. Na mwaka 2020 ilianzishwa klabu ya GAA mashariki mwa Belfast, eneo ambalo wakazi wake wengi si wazalendo wa Ireland, ikapokea wanachama wa pande zote.

6. "Jeshi la Uingereza lilichukua uwanja wa Crossmaglen."

Hukumu: KWELI, ingawa si uwanja wote.

Hapa tukae kidogo, maana hiki ndicho kisa kilichoipa klabu jina duniani hata kwa watu wasiojua mpira.

Vurugu za Ireland Kaskazini zilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1970, kituo cha polisi cha Crossmaglen kiligeuzwa ngome ya jeshi. Kwa bahati mbaya ya klabu, kituo hicho kilikuwa ubavuni mwa uwanja wake. Kusini mwa Armagh palikuwa mahali pa hatari kuliko karibu kote kwa askari wa Uingereza. Barabara zilitegwa mabomu, hivyo magari ya jeshi hayakuthubutu kupita. Chakula, silaha na askari wenyewe vikawa vinakuja kwa helikopta. Helikopta inahitaji pa kutua, ngome inahitaji nafasi ya kupanuka, na ardhi iliyo wazi jirani ilikuwa ya nani? Ya klabu.

Sehemu ya ardhi hiyo ikatwaliwa. Kuta na uzio wa ngome vikasogea hadi pembezoni mwa uwanja, na mnara wa ulinzi ukawa unawatazama wachezaji wakifanya mazoezi. Helikopta zilipita juu ya vichwa vyao na kutua huku mechi zikiendelea, au tuseme zikijaribu kuendelea, kwani mara nyingi mwamuzi alilazimika kusimamisha mchezo mpaka upepo na kelele vipungue. Klabu ikaanza safari ndefu ya kudai ardhi na fidia, na suala la uwanja wa mji mdogo likawa linazungumzwa baina ya serikali ya Dublin na ile ya London.

Wasimulizi wengine huongeza kwamba klabu ilihamishwa au ilikufa, ikafufuka. Hilo si kweli. Wangeweza kuhama, hawakuhama. Walicheza palepale, ukuta wa ngome ukiwa jirani, miaka yote.

Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu ulitiwa saini Aprili 1998. Minara ya kusini mwa Armagh ikaanza kubomolewa mmoja mmoja, na tarehe 31 Julai 2007 operesheni ya jeshi la Uingereza huko Ireland Kaskazini ikafungwa rasmi baada ya miaka 38. Mwaka huohuo Crossmaglen walitwaa ubingwa wa klabu wa Ireland nzima kwa mara ya nne, wakiwashinda Dr Crokes wa Killarney katika mechi ya marudiano mjini Portlaoise.

7. "Klabu za GAA zilikuwa matawi ya waasi, zikijificha nyuma ya mpira."

Hukumu: SI KWELI, ila uvumi huu haukuanguka kutoka mbinguni.

Tuanze na kilichouzaa. Miongoni mwa waanzilishi wa GAA walikuwemo wanachama wa chama cha siri kilichotaka kuing'oa Uingereza kwa silaha. Tarehe 21 Novemba 1920 majeshi ya serikali yaliingia Croke Park wakati Dublin wakicheza na Tipperary, yakafyatua risasi, na watu 14 wakafa, akiwemo mchezaji Michael Hogan wa Tipperary. Jukwaa moja la uwanja huo lina jina lake hadi leo. Na kwa miongo mingi GAA ilikuwa na Kanuni ya 21, iliyowazuia askari na polisi wa Uingereza kuwa wanachama. Mtu akiyajumlisha hayo, anapata picha yake.

Sasa yatazame yale anayoyaacha. Katika chumba kile cha Hoteli ya Hayes mwaka 1884 alikuwemo Thomas St George McCarthy, ambaye alikuwa ofisa wa polisi wa serikali na mchezaji wa raga wa timu ya taifa. Yaani chama kilichokuja kuwafungia polisi mlango kilianzishwa na polisi akiwa ameketi mezani. Kukipenda chama chenye uzalendo wa Ireland ni jambo moja, kubeba bunduki ni jingine, na maelfu waliovaa jezi za klabu za kaskazini hawakuwahi kuvuka mstari huo. Walikuwa wakulima, walimu, mafundi, wenye maduka. Mpira ulikuwa mpira.

Kanuni ya 21 ilifutwa Novemba 2001, mwezi uleule polisi wapya wa Ireland Kaskazini walipoanza kazi. Mwaka uliofuata polisi hao wakaunda timu yao ya kandanda ya Kigaeli na kucheza na polisi wa Jamhuri. Mwaka 1990 ungesema jambo hilo litatokea, wangekuuliza umekunywa nini.

8. "Mabingwa kama hao lazima wanalipwa chini ya meza."

Hukumu: SI KWELI kwa wachezaji.

Najua unakunja uso. Croke Park inaingiza watu zaidi ya 82,000, televisheni zinalipa, wadhamini wapo. Fedha zinakwenda wapi? Zinarudi kwenye kaunti, viwanja, shule na klabu, ambazo zinazidi 2,000. Kandanda ya Kigaeli ni mchezo wa ridhaa. Mchezaji wa kaunti hurudishiwa nauli na kupata posho kidogo ya serikali. Mchezaji wa klabu ndiye anayelipa: ada ya uanachama hutoka mfukoni mwake.

Wenye shaka wana haki ya kuuliza kuhusu makocha. Huko minong'ono ya malipo ya kificho ilizidi kiasi kwamba mwaka 2012 uongozi wa GAA wenyewe uliandika waraka wa kulijadili jambo hilo hadharani. Basi ukitaka kubisha, bisha kwa benchi. Uwanjani wanacheza bure.

9. "Mchezaji wa kweli hanunuliwi; huzaliwa klabuni."

Hukumu: KWELI, na heshima kwa wazee walioisema.

Desturi ya GAA ni kwamba mtu huchezea klabu ya parokia yake. Kuhama kunawezekana ukibadilisha makazi, lakini kuna maombi, kuna kamati, na kuna macho ya majirani. Matokeo yake klabu haijengi timu kwa hundi. Inajenga kwa watoto wa miaka sita, kisha inasubiri.

Itazame orodha ya Crossmaglen. Mapacha John na Tony McEntee walishinda pamoja miaka ya 1990; Tony akarudi kama kocha, akiongoza pamoja na Gareth O'Neill, na timu ikatwaa ubingwa wa 2011 na 2012. Joe Kernan aliichezea klabu, akaifundisha, na wanawe wakavaa jezi ileile. Armagh walipotwaa Kombe la Sam Maguire mwaka 2024 kwa kuwafunga Galway, kikosini walikuwemo Rian O'Neill na kaka yake Oisín, wote wa Crossmaglen. Ukiona jina la ukoo linajirudia kwenye karatasi ya timu, hapo hakuna upendeleo wa kuchunguzwa. Mji ni mdogo na koo zake ni zilezile.

10. "Mji wa watu wasiofika elfu mbili ulishinda kaunti nzima miaka 13 mfululizo."

Hukumu: KWELI.

Hiki ndicho nilichotarajia kukikuta kimetiwa chumvi. Kimo kama kilivyo. Kuanzia 1996 hadi 2008 kombe la klabu la Armagh halikwenda kwingine. Mwaka 2009 Pearse Óg waliwasimamisha. Mwaka 2010 Crossmaglen wakalirudisha nyumbani.

Na wala hawakuwa majogoo wa zizi lao tu. Walishinda Ireland nzima mwaka 1997, 1999, 2000, 2007, 2011 na 2012. Mwaka 2000 waliowafunga fainali walikuwa Na Fianna, klabu ya jiji la Dublin. Usidhani lakini kwamba mji mdogo huushinda mkubwa kila mara: mwaka 2009 klabu nyingine ya Dublin, Kilmacud Crokes, iliwafunga fainali bila huruma.

Kuna wanaoudharau ubingwa huu wakisema timu za kaunti ndizo hasa, klabu ni kitalu tu. Historia inawajibu. Ubingwa wa kwanza kabisa wa Ireland, ule wa 1887, uligombewa na klabu zilizobeba majina ya kaunti zao, na mshindi alikuwa klabu ya Commercials ya Limerick. Ubingwa rasmi wa klabu wa taifa ulikuja msimu wa 1970–71, na kwa miaka mingi fainali yake ilichezwa Croke Park tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Kwa mji kama Crossmaglen hiyo ilikuwa sikukuu mara mbili.

11. "Joe Kernan alivunja medali yake wakati wa mapumziko, Armagh wakapindua fainali."

Hukumu: KWELI, isipokuwa haikuwa medali.

Mwaka 1977 Kernan aliichezea Armagh katika fainali ya Ireland nzima, akafunga magoli mawili, na bado Dublin wakawabwaga. Waliopoteza walipewa kibao cha ukumbusho. Robo karne baadaye, tarehe 22 Septemba 2002, Kernan alikuwa kocha wa Armagh, kaunti ambayo haikuwa imelishika Kombe la Sam Maguire hata mara moja. Mapumziko yalipofika Kerry walikuwa mbele kwa pointi nne, na Oisín McConville wa Crossmaglen alikuwa amekosa penalti.

Kernan akakitoa kibao kile, akawaonyesha vijana kilichobaki mkononi mwa mtu aliyeshindwa fainali, kisha akakibamiza ukutani kikavunjika vipande. Kipindi cha pili McConville, yuleyule wa penalti, akafunga goli. Armagh walishinda kwa pointi moja: goli 1 na pointi 12, dhidi ya pointi 14.

Je, kibao ndicho kilichoshinda? Hapo nitakataa. Kernan alikuwa ameshatwaa ubingwa wa klabu mara tatu akiwa na Crossmaglen. McConville, mapacha McEntee na beki Francie Bellew walikuwa wametoka naye huko. Walijua namna ya kukaa nyuma kwa pointi nne bila kuvunjika moyo. Kibao kiliwakumbusha jambo walilokuwa nalo tayari.

12. "Nje ya Ireland hakuna anayeucheza."

Hukumu: SI KWELI.

London na New York zina timu zinazoingia katika ubingwa wa Ireland kila mwaka. Fainali ya mwaka 1947 baina ya Cavan na Kerry ilichezwa New York, katika uwanja wa Polo Grounds, mbele ya watazamaji zaidi ya 30,000, Cavan wakashinda. Na msomaji wa Muscat asitafute mbali: klabu ya Clann na hOman ipo huko huko, kama ilivyo Dubai Celts kwa jirani. Walimu, wahandisi na wauguzi wa Ireland wakienda kazini ughaibuni, mpira wao huenda nao sandukuni. Wanawake nao wana chama chao cha kandanda ya Kigaeli tangu 1974, nacho kilianzishwa katika Hoteli ileile ya Hayes.

Basi hesabu imekaa hivi: kweli tano, nusu kweli moja, si kweli sita.

Angalia sasa zipi zimeanguka. Zote sita zina sura ya akili. Mchezo wa mikono na miguu, kwa hiyo soka na raga. Jina Rangers, kwa hiyo Glasgow. Mabingwa, kwa hiyo mishahara. Viwanja vyenye majina ya watakatifu, kwa hiyo Wakatoliki peke yao. Kila moja imetengenezwa na mtu aliyekosa habari, akaziba pengo kwa kitu alichokuwa anakijua kutoka kwingine.

Zilizosimama ndizo zile ambazo ungezikataa ukizisikia barazani: rais anafukuzwa kwa kutazama mpira, helikopta za jeshi zinasimamisha mechi, mji wa watu wachache unatawala miaka kumi na mitatu. Hakuna mtu angeweza kuzibuni kwa kukisia, kwa sababu zilitokana na mahali hapo na watu hao, na zikaandikwa zilipotokea. Kwa hiyo ukimpata msimulizi mwingine wa Crossmaglen, usimpime kwa kuuliza kama kisa chake kinaingia akilini. Muulize mwaka gani, uwanja gani, na nani alicheza. Mwenye kisa cha kweli atakujibu kabla hujamaliza swali, na huenda akakutajia na matokeo ya mapumziko.